Mtoto Anacheua Kila Akinyonya: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mimi ni muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto, Tanga. Mtoto wangu wa pili alicheua kuanzia wiki ya tatu hadi alipoweza kukaa mwenyewe, kwa hiyo maswali haya nimeyajibu mchana nikiwa mbele ya mizani, na usiku nimejiuliza mwenyewe saa nane nikiwa nimelowa bega zima. Ukiwa na haraka, ruka moja kwa moja hadi swali la kukimbilia hospitali. Mengine yanasubiri.

Kucheua na kutapika vinatofautianaje?

Kucheua ni maziwa kurudi yenyewe bila mtoto kujikamua. Yanachuruzika pembeni ya mdomo, au yanatoka kwa mkupuo mmoja pamoja na hewa, mtoto anajilamba na kuendelea na shughuli zake. Kutapika kuna nguvu: tumbo linakaza, uso unabadilika, maziwa yanaruka.

Halafu kuna kubeua, yaani hewa kutoka. Wengi tunasema "kumcheulisha mtoto" tukimaanisha kumtoa hewa, na hapo ndipo tunapopishana kliniki. Mama anasema, "Sista, mwanangu hacheui kabisa," mimi nafurahi, kumbe mwenzangu analalamika kwamba mtoto hatoi hewa. Hapa nitasema kucheua kwa maziwa, na kubeua kwa hewa.

Kwa nini maziwa yanarudi? Tumbo lake lina kasoro?

Kwa wengi halina. Kati ya umio, yaani bomba la chakula, na tumbo kuna msuli wa mviringo unaokaza na kulegea kama mdomo wa mfuko wa kamba. Kwa mtoto mchanga msuli huo hulegea hovyo, hata pasipo sababu. Ongeza kwamba umio wake ni mfupi, tumbo ni dogo, chakula chake chote ni cha maji, na anashinda amelala. Jaza chupa ya maji pomoni, ilaze bila kukaza kizibo, uone.

Watu husema "asidi inapanda". Ni kweli hupanda, lakini muda mfupi baada ya kunyonya maziwa huwa yameizimua asidi ya tumboni, kwa hiyo kinachorudi mara nyingi hakiunguzi. Ndiyo maana mtoto anaweza kukumwagia maziwa kifuani huku anatabasamu. Ndiyo maana pia dawa za kupunguza asidi haziyazuii maziwa kurudi. Hilo nitalirudia chini.

Ni wangu peke yake? Na itaisha lini?

Karibu nusu ya watoto walio chini ya miezi 3 hucheua angalau mara moja kwa siku. Mara nyingi huanza kabla ya wiki ya 8, huzidi katika mwezi wa 4 hivi, kisha hupungua. Kwa watoto 9 kati ya 10 huwa imekwisha kabla hawajatimiza mwaka. Kinachosaidia ni umri wenyewe: msuli unakomaa, mtoto anaanza kukaa, anaanza kula vizito. Watoto njiti hucheua zaidi na hukawia kuacha.

Jambo linalowaumiza wazazi ni kwamba katika mwezi wa 3 na wa 4 hali huzidi hata kama mnafanya kila kitu sawasawa. Wengi hubadilisha maziwa au dawa wakati huo huo, na kilichofanywa mwezi wa 5 ndicho kinachopewa sifa.

Anatoa mengi sana. Nina uhakika hakuna kinachobaki tumboni.

Chukua kijiko cha chakula, kile kikubwa, kijaze maziwa, yamwage juu ya kanga kavu. Hizo ni mililita 15 tu. Doa litatanuka kuliko kiganja chako, na ukiikunja kanga litapenya mpaka upande wa pili. Mama mmoja alinijia na kanga tatu kwenye mfuko kama ushahidi. Tulimwaga kijiko kimoja kwenye ya nne, tukazilinganisha, akacheka mwenyewe: kilichokuwa kinamnyima usingizi kilikuwa vijiko viwili kwa kila kunyonya.

Shahidi wa kweli ni mizani. Katika miezi 3 ya mwanzo watoto wengi huongezeka gramu 20 hadi 30 kwa siku, yaani takribani gramu 150 hadi 200 kwa wiki. Angalia kadi ya kliniki (wenzetu wa Kenya wana kitabu cha mama na mtoto): kama nukta zake zinapanda sambamba na mstari wake, maziwa yanabaki ya kutosha. Usiogope akiwa kwenye mstari wa chini tangu alipozaliwa, ili mradi anaufuata. Ogopa anapouacha. Na msilinganishe mizani ya kliniki na ya duka la dawa la jirani. Ile ya kuning'iniza yenye kikaptura inaweza kutofautiana na ya mezani kwa gramu za kutosha kukutoa machozi bure.

Shahidi wa pili ni mkojo. Kuanzia siku ya 5 au ya 6, nepi 6 zilizolowa kwa siku ni dalili nzuri.

Yanatoka yameganda kama mtindi na yananuka uchachu. Ni sumu?

Hapana. Yamekaa tumboni kidogo, yamekutana na asidi, yameganda. Maziwa yasiyoganda ni yale yaliyorudi mara tu aliponyonya.

Ni wakati gani kucheua kunakuwa ugonjwa?

Pale kunapomletea madhara. Anaanza kunyonya, kisha anaachia titi na kulia kwa uchungu, kila mara. Anakataa kula. Uzito umesimama au unashuka. Anakohoa sana anaponyonya, sauti imekwaruza, au anapata nimonia mara kwa mara. Wengine hujikunja mgongo kama upinde na kupinda shingo kila maziwa yanapopanda. Hapo tunahitaji daktari, maana huenda umio umechubuka, au tatizo ni lingine kabisa linalojificha nyuma ya kucheua.

Kulia peke yake hakutoshi. Mtoto anayelia, anayecheua, na anayenenepa vizuri mara nyingi ana mambo mawili ambayo hayahusiani.

Nikimbie hospitali nikiona nini?

Matapishi ya kijani, kama maji ya mchicha uliochemshwa. Usisubiri asubuhi, usisubiri baba arudi. Kijani ni nyongo, na kwa mtoto mchanga inaweza kumaanisha utumbo umejizungusha au umeziba. Hapo saa zinahesabika. Bebeni na hiyo nguo yenye doa, daktari aione rangi mwenyewe.

Kutapika kwa nguvu hadi maziwa yanaruka mbali, tena karibu kila anaponyonya, hasa akiwa na wiki 2 hadi 8. Kuna hali ambapo lango la tumbo kuelekea kwenye utumbo linanenepa na kuziba. Huwapata zaidi watoto wa kiume, na zaidi wazaliwa wa kwanza. Alama yake ni kwamba mtoto akishatapika anataka kunyonya tena palepale kwa njaa kali, huku siku hadi siku anakonda na mkojo unapungua. Tiba yake ni upasuaji, nao huenda vizuri akifikishwa mapema akaongezewa maji kwanza. Hawa ndio wanaonisikitisha, kwa sababu wengi huwa wameambiwa kwa wiki mbili kwamba "watoto wote wanacheua".

Damu kwenye matapishi, au kitu cheusi kama machicha ya kahawa. Ukiwa na chuchu zilizopasuka huenda ni damu yako aliyoimeza, lakini aamue anayempima. Damu kwenye choo pia.

Tumbo lililojaa na kuwa gumu. Utosi uliovimba, au uliobonyea. Homa ya 38 au zaidi kwa mtoto aliye chini ya miezi 3, hata kama anaonekana mchangamfu, maana maambukizi ya njia ya mkojo na hata ya uti wa mgongo huanza kwa kutapika. Mtoto aliyelegea, haamki kunyonya, hajakojoa kwa saa nyingi. Mtoto aliyeacha kupumua, hata kwa muda mfupi, au aliyebadilika rangi na kuwa bluu.

Na kuna moja lisilo la mbio lakini lisipuuzwe: aliyeanza kucheua baada ya miezi 6 ilhali hakuwahi kabla, au anayeendelea baada ya kutimiza mwaka. Huyo apimwe.

Nimnyonyesheje ili yasirudi?

Kwanza, mama anayenyonyesha asiache. Maziwa ya mama hayasababishi tatizo hili, na hutoka tumboni haraka kuliko ya kopo.

Tazama anavyoshika titi. Mdomo uwe wazi kabisa, kidevu kiguse titi, na sehemu nyeusi inayoonekana iwe zaidi juu ya mdomo kuliko chini. Ukisikia mlio wa kubofya kama wa ulimi, anameza hewa. Mtoe taratibu kwa kidole pembeni ya mdomo, mpachike upya.

Kama maziwa yako yanatoka kwa kasi, mtoto anapaliwa na kuguguma kama anayekunywa kwenye bomba, kamua kidogo mwanzoni mpaka kasi ipungue. Au egama nyuma nusu kulala, mtoto awe juu yako, anyonye akipandisha mlima. Mwache amalize titi moja kabla ya kumpa la pili.

Usisubiri alie kwa njaa. Mtoto aliyelia dakika 10 ameshajaza hewa tumboni, na atanyonya kwa pupa. Akianza kugeuza kichwa na kula ngumi, huo ndio wakati.

Baada ya hapo mshike wima dakika 20 hadi 30. Najua usiku dakika 20 ni nusu ya usingizi wako. Ni zamu nzuri ya baba.

Anakunywa maziwa ya kopo. Nibadilishe aina?

Kabla ya kubadilisha kopo, hesabu. Mtoto wa maziwa ya kopo anahitaji takribani mililita 150 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mwenye kilo 4 ni mililita 600. Ukigawa mara 8, kila mara ni 75. Mara nyingi nakuta mtoto huyo anapewa 120 kila mara, kwa sababu "anamaliza". Anamaliza kwa vile chupa inamiminika mdomoni, hana namna. Punguza kiasi, ongeza mara.

Tazama tundu la chuchu ya chupa: ukiigeuza, maziwa yadondoke tone kwa tone, yasitiririke. Mkalishe karibu wima, chupa ilale, mpe mapumziko. Ukishatikisa chupa, acha povu litulie. Pima kijiko cha kwenye kopo kikiwa sawa na ukingo. Ukizidisha unga ili ashibe, unaongeza kiu na kufunga choo. Ukizidisha maji, unamnyima chakula.

Yapo maziwa ya kopo yaliyotengenezwa yawe mazito kwa ajili ya watoto wanaocheua sana. Hupunguza kiasi kinachomwagika, na bei yake hupunguza kiasi kilichomo mfukoni. Yajaribu ukishashauriwa na baada ya kurekebisha vipimo. Kwa mtoto njiti usiongeze kitu chochote cha kuzitisha maziwa bila daktari wake.

Nimbeulishe vipi?

Begani, au akiwa amekaa pajani umemshika kidevu, usugue mgongo au kumpigapiga polepole. Mara moja katikati ya kunyonya, mara moja mwishoni. Dakika chache zikipita bila hewa, basi, hana. Nimeona akina bibi wakimpiga mtoto mgongoni kama wanakung'uta mkeka. Ile nguvu yote inayarudisha maziwa.

Alale vipi? Nimeambiwa nikimlaza chali atapaliwa.

Chali. Usiku, mchana, na hata mcheuaji.

Hofu hii naielewa, hata mimi nilikuwa nainuka kumsikiliza. Lakini fikiria mabomba mawili shingoni mwake. Akilala chali, njia ya hewa iko juu na umio uko chini yake. Maziwa yakipanda yanapaswa kupanda kilima ili yaingie kwenye hewa, hivyo huishia kwenye umio, naye anameza au anageuza kichwa na kuyatema. Ukimlaza kifudifudi, mpangilio unageuka: njia ya hewa ndiyo inayokuwa chini. Na kulala kifudifudi au ubavu huongeza hatari ya kifo cha ghafla cha usingizini.

Mito, kanga iliyokunjwa chini ya kichwa, matofali chini ya miguu ya kitanda: havizuii kucheua, na mtoto huteleza mpaka kidevu kinakandamiza kifua na kuziba hewa. Marekani ilipiga marufuku kwa sheria ya mwaka 2022 vitanda vya watoto vyenye mwinuko wa zaidi ya nyuzi 10, baada ya vifo. Godoro gumu lililo tambarare, bila mto, chandarua kimechomekwa vizuri. Kifudifudi ni cha mchana, akiwa macho, na wewe unamtazama.

Naweza kumbeba mgongoni kwa mbeleko?

Ndiyo, lakini si mara tu aliposhiba. Kanga iliyokazwa inalibana tumbo dhidi ya mgongo wako, na ukiinama kufagia utalipata jibu shingoni. Subiri nusu saa. Kumbeba kifuani akiwa wima ni nafuu zaidi, mradi uso wake unauona na kidevu hakijazama kifuani. Kiti cha kuegemea na kiti cha gari vilevile humkunja tumbo. Gari likifika, mtoe.

Nepi nayo. Ikikazwa kitovuni ni mkanda. Na badilisha nepi kabla ya kunyonyesha, siyo baada.

Nimpe uji mwepesi ili tumbo lishike?

Kabla ya miezi 6, hapana. Si uji wa lishe, si maji ya mchele, si maji ya kawaida. Uji humjaza, ananyonya kidogo, maziwa yako yanapungua, na kila kikombe ni mlango wa kuhara. Akitimiza miezi 6 anza, na hapo wengi mtaona kanga zinapungua zenyewe.

Mama mkwe anasema ni kimeo. Jirani anasema ni meno ya plastiki. Wengine wanasema tumembemenda.

Kila mtu ana jibu, na mama mzazi ndiye anayebaki na lawama.

Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia kooni. Kila mtu anacho, na hakisababishi kucheua wala kikohozi. Kukikata kumeleta watoto hospitali wakivuja damu, wakiwa na pepopunda na maambukizi ya damu. Wengine hawakurudi nyumbani. "Meno ya plastiki" ni vichipukizi vya meno ambavyo bado viko ndani ya ufizi, vyeupe na laini. Anayevichimbua kwa kisu au spoku ya baiskeli anang'oa meno halali ya mtoto, na kumfungulia njia ya maambukizi.

Kubemenda nitasema kwa ufupi: tendo la ndoa haliharibu maziwa. Mtoto asiyekua anahitaji kupimwa. Kesi ya wazazi haimwongezei hata gramu moja.

Mkibishana nyumbani, msimkatalie bibi mbele ya watu. Njooni naye kliniki. Bibi akiona mwenyewe mshale wa mizani, kazi yangu inakuwa nusu. Na kama mtoto kweli hakui, bibi alikuwa sahihi kwamba kuna tatizo. Amekosea jina lake tu.

Na Gripe Water je?

Ilianza mwaka 1851 kwa mfamasia wa Nottingham, Uingereza, William Woodward, na kwa miongo mingi ilikuwa na pombe ndani yake, jambo linaloeleza kwa nini watoto wa enzi hizo walitulia. Za siku hizi kwa kawaida hazina pombe. Nyingi zina mafuta ya mbegu kama bizari tamu, na nyingine zina sodiamu baikaboneti. Haizuii kucheua. Mtoto wa wiki 3 anayenyonya hana haja ya kijiko cha kitu kingine.

Nimeshauriwa dawa ya asidi. Nimpe?

Kama daktari amempima mtoto na kuona dalili za umio kuchubuka, ndiyo, kwa kipimo na muda aliosema. Kama umeshauriwa dirishani kwa kueleza tu kwamba analia na kucheua, hapana.

Dawa kama omeprazole hupunguza asidi; hazipunguzi maziwa kurudi. Zilipolinganishwa na dawa ya kulinganishia isiyo na kitu ndani, watoto waliotumia dawa halisi walilia kama wenzao. Na asidi ya tumbo ni mlinzi: ukiipunguza bila sababu, mtoto anakuwa rahisi kupata kuhara na maambukizi ya kifua. Ranitidine, dawa nyingine ya asidi iliyokuwa maarufu, iliondolewa sokoni Marekani mwaka 2020 baada ya kukutwa na kemikali inayohofiwa kuleta saratani. Metoclopramide, ambayo ni dawa ya kuzuia kutapika, inaweza kumkakamaza mtoto shingo na macho. Domperidone, nayo ya kuzuia kutapika, ina hatari kwa moyo, na Uingereza iliacha kuiidhinisha kwa watoto walio chini ya miaka 12 mwaka 2019.

Ipo dawa ya unga ya alginate iliyotengenezwa kwa ajili ya watoto wachanga, ambayo daktari anaweza kuijaribu kwa wiki moja au mbili. Si ile ya watu wazima. Naijua tofauti hiyo kwa aibu: wiki ya sita ya mwanangu, nesi mzima mimi, nilirudi nyumbani na chupa ya dawa ya maji ya vidonda vya tumbo niliyouziwa bila kuulizwa hata umri wa mgonjwa. Mume wangu, ambaye ni fundi umeme, ndiye aliyesoma kibandiko: watu wazima, na watoto kuanzia miaka 12. Ile chupa ilikaa juu ya kabati kwa muda mrefu, inanitazama.

Niache kula nini? Pilipili? Maharage?

Kula. Pilipili yako haimuunguzi yeye.

Kuna kitu kimoja cha kufikiria, nacho ni mzio wa protini ya maziwa ya ng'ombe, ambao hufanana sana na ugonjwa wa kucheua. Tunaushuku tukiona pia pumu ya ngozi, choo chenye kamasi au damu, au ndugu wengi wenye mzio katika familia. Hapo mama anayenyonyesha huacha maziwa ya ng'ombe kabisa kwa wiki 2 hadi 4: chai ya maziwa, mtindi, siagi, maziwa ya unga, biskuti zenye maziwa. Akipata nafuu, hurudisha maziwa makusudi. Dalili zikirudi, tumeelewana. Usijifanyie peke yako bila kliniki kujua, na katika muda huo ongeza dagaa na mboga za majani ili usikose madini ya chokaa. Maziwa ya mbuzi si mbadala, protini zake zinafanana mno na za ng'ombe. Wa kopo huhitaji maziwa maalumu, na hayo ni ya kuandikiwa.

Analia kila jioni kuanzia magharibi. Ni kucheua au chango?

Kilio cha jioni cha saa nyingi kwa mtoto mwenye afya huanza wiki za mwanzo, hufika kileleni wiki ya 6, na huisha mwezi wa 3 au wa 4. Nyumbani tunakiita chango. Hutokea kwa wanaocheua na wasiocheua. Mzunguke naye nje kidogo, mwogeshe, mwimbie. Dawa za mizizi asipewe. Ini lake halijui kuzishughulikia, na kipimo chake hakijulikani.

Amepata matone ya chanjo kisha akacheua. Chanjo imepotea?

Mwambie nesi hapohapo kabla hujaondoka. Atajua kama tone linarudiwa; inategemea ni chanjo gani na ametema mapema kiasi gani. Usimnyonyeshe hadi ashibe kabisa ukiwa kwenye foleni, utajipunguzia tatizo.

Akipaliwa nifanye nini?

Kama anakohoa na kulia, hewa inapita. Mgeuze ubavu, futa mdomo, mwache akohoe. Usiingize kidole kutafuta kitu usichokiona.

Kama hatoi sauti na hawezi kuvuta pumzi: mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini kuliko kiwiliwili, umeshika taya. Mpige mara 5 katikati ya mabega kwa kiganja. Mgeuze chali, sukuma kifua mara 5 katikati, chini kidogo ya mstari wa chuchu. Rudia huku mwingine anatafuta usafiri. Jifunzeni wote mnaobaki naye, hata dada wa kazi. Huyo ndiye anayekuwa naye saa nne asubuhi.

Nimechoka. Kuna siku sitaki hata kumshika.

Umesema, na ni vizuri. Mlaze chali mahali salama, funga mlango, toka nje dakika 5, unywe maji. Kulia dakika 5 hakumdhuru. Kutikiswa kunaweza kumuua au kumpofusha. Kama huzuni haikutoki kwa wiki mbili, hulali hata yeye akilala, au unapata mawazo ya kujidhuru au kumdhuru, njoo kliniki kwa ajili yako. Foleni ni ileile, ila useme unakuja kwa jambo lako, tukupitishe chumba cha ndani. Mawazo ya kudhuru yasisubiri siku ya kliniki: mwambie mtu aliye karibu sasa hivi, akupeleke hospitali.

Harufu haitoki kwenye kanga na godoro.

Maji baridi kwanza. Ukianza na maji ya moto, protini ya maziwa inashikamana na uzi, na hapo hata ndimu haitakusaidia. Loweka, fua kwa sabuni, anika juani. Godoro livalishe plastiki chini ya shuka, ikazwe vizuri isikunjamane. Na wewe mwenyewe tafuta blauzi mbili za rangi ya maziwa.